Picha ya Birika Isishushwe

Wanangu,

Tangu Jumatatu ile baba yenu alipotutoka, picha ya mwisho aliyoichora ilikaa nyuma ya kabati. Leo asubuhi nimeitundika sebuleni, pale ilipokuwa runinga. Baba yenu mdogo akaniuliza, "Shemeji, hili ni birika au kuku anaatamia machungwa?" Nilikasirika, halafu nikacheka. Lakini itazameni taratibu mtaona njano ilivyoegemea buluu. Alipoumwa, aliniegemea hivyo hivyo.

Wali uko kwenye sufuria, upasheni. ~~Kama hamuipendi, ishusheni.~~ Hapana. Asiishushe mtu, hata baba yenu mdogo. Wala msiifute kwa kitambaa chenye maji.

Nimempelekea seremala vipimo vya fremu. Runinga sasa iko chumbani kwangu.

Mama