Konokono wa Wifi

Jumamosi jioni

Maji ya kitangi changu cha mimea yameharibika tena. Yamekuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, na mimea imelegea kama sukuma wiki iliyosahauliwa jikoni.

Kinachoniuma ni kwamba wifi yangu Mutheu alianza kutunza chake siku moja na mimi. Kitangi cha glasi kama changu, mchanga wa mto ule ule wa Mwala. Leo nimeenda kwake nikakuta maji yanang'aa, majani yamefika juu, na samaki wake watatu wanaringa kama yeye.

"Kwani chako unakifanyia nini?" akaniuliza.

Nikamwambia kila Jumamosi namwaga maji yote, naosha mchanga, nasugua mawe.

Alicheka mpaka akashika kiti. "Wifi, hicho si sufuria! Uchafu kidogo ndio unalisha mimea. Mimi mchanga wangu sijawahi kuosha."

Angeniambia mapema angepungukiwa na nini?

Alipoenda kuleta chai, nilichota mchanga wake kiganja kimoja, nikaufunga kwa kitambaa, nikatia kwa mkoba. Mimi, mtu mzima, mwimbaji wa kwaya.

Nimeumwaga kwa kitangi changu. Sasa kuna konokono mdogo anapanda glasi. Wallahi sikumwona kwenye mchanga.

Mume wangu amepita, akainama kumtazama, akatabasamu. "Leo kitangi chako kimependeza."

Mwezi mzima nimengojea anisifu. Amemsifu konokono wa dada yake.