Simu Uliyonifungia, Mama

Mama yangu, Mama Wilondja,

Nakuandikia kwa kalamu, jambo ambalo lingekuchekesha, maana mkono wangu huu umezoea bisibisi kuliko wino. Barua hii naiacha wazi. Wateja wangu wa Uvira wakitaka waisome, kwa sababu na wao inawahusu, na hivi karibuni utaona ni kwa nini. Sisi huku Baraka na Uvira tuko wazima. Paa la jikoni lako limevuja tena palepale, na kuku wako sasa wanalala kwa Mama Zaina.

Unakumbuka siku nilipokuletea ile simu? Niliiunda mwenyewe kutokana na simu mbili zilizokufa, kioo cha moja na mwili wa nyingine, nikajiona fundi wa mafundi. Wewe uliishika kwa vidole viwili, ukaigeuza mbele na nyuma, ukaniuliza, "Na mahali ya kufinya iko wapi?" Nikakuonyesha kwamba kioo chenyewe ndicho kinachofinywa. Ukasema basi kitu hicho si cha mtu mwenye mikono ya samaki, ukakirudisha kwenye kitambaa chake.

Wiki mbili baadaye ulikuwa unanitumia sauti za dakika nne. Kila moja ilianza na pumzi zako, halafu jina langu mara tatu, halafu kimya. Ilinichukua muda kuelewa kwamba katika kile kimya ulikuwa unangoja niitike. Nilikueleza kwamba mimi sipo upande wa pili wakati unasema, kwamba nitakusikia baadaye. Ulikubali, lakini uliendelea kungoja.

Hapo ndipo maswali yako yalipoanza. "Wilondja, kama rezo ya simu inapotea, sauti yangu inakaaka wapi?" Nikasema inangoja. "Inangoja ku nani?" Nikakupigia hadithi ndefu ya minara na mashine kubwa zilizoko nchi za mbali. Ukauliza, "Na benye izo mashini, banasikilizaka?" Nikasema hapana. "Umejuaje?"

Sikuwa nimejua. Nilisema tu, kama sisi mafundi tunavyosema mambo mengi ili mteja aende zake. Na siku ile uliponielezea kwa simu juu ya nyavu za baba mdogo zilizochanika, kesho yake kioo changu kikaanza kunionyesha nyavu za kununua, za rangi zote. Nilikwambia kwa kucheka. Wewe hukucheka. "Njo unaona," ukasema. "Kuko muntu mule." Mpaka leo sijui kama yuko mtu au hayuko, na nimefungua simu nyingi kuliko daktari alivyofungua matumbo.

Lakini kitu kilichonishangaza zaidi si simu. Ni wale wanawake. Kila niliporudi Baraka nilikuta mwanamke mwingine ameketi kwenye kibao cha mlango wako, mikono mapajani, anangoja. Mama Zaina, jirani yako wa miaka yote, alikuwa akipata habari za binti yake aliyeolewa Kilembwe. Mama Riziki, mliyekuwa mkianika naye ndagala, dagaa wetu wa ziwa, kule mwaloni, alikuwa akimsikiliza mwanawe wa kiume aliyeko kambi ya wakimbizi Tanzania. Na wengine, siwezi kuwataja wote. Hawakuwa na simu, au walikuwa nayo lakini inashikwa na mume, basi watu wao wote walituma sauti kwenye simu yako.

Ulikuwa na utaratibu wako. Unafungua simu, unatafuta picha ya yule mtu, unamwekea mwenzako mkononi, halafu unatoka kwenda kugeuza ndagala. Nilikuona mara nyingi ukigeuza ndagala ambao umewageuza sasa hivi tu. Unamkuta mwenzio macho mekundu, huulizi. Unamkuta anacheka peke yake, huulizi. Mimi ningekufa kwa kutaka kujua.

Nilikwambia hivyo. Nilisema, Mama, wewe huna hamu ya kujua wanaambiwa nini? Ukanitazama kana kwamba nimeuliza kama ziwa lina maji.

"Niko nayo sana," ukasema. "Njo maana natokaka."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, kwa sababu nimelizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Unakumbuka kile chakula cha mchana, ugali na sombe ya majani ya muhogo, nilipokuigizia mtu? Kuna mteja alileta simu, kioo kimepasuka. Nilipomaliza kukibadilisha nikafungua picha zake ili kujaribu kioo. Ndivyo tunavyosema, kujaribu kioo. Nikamkuta amejirekodi mwenyewe mara nyingi, amesimama ukutani, anajifunza jinsi ya kumwomba mke wake msamaha. Anaanza, anakosea, anajifuta uso, anaanza tena. Niliona ni kichekesho kikubwa. Nilikuigizia sauti yake, nikakuigizia na mikono, na mwishoni nikamtaja jina, kwa kuwa wewe na mama yake mnafahamiana.

Hukucheka. Uliuliza tu, "Uyo muntu alikuletea kioo. Mambo ya bibi yake uliikuta wapi?" Nikajibu kwamba nilikuwa najaribu. Ukanawa mikono, na sahani yako ilikuwa bado nusu. Nilidhani umechoka. Kesho yake asubuhi nikapanda gari kurudi Uvira, na sikulifikiria tena.

Baada ya hapo ulinitumia sauti saba. Najua ni saba kwa sababu niliziona zikijipanga kwenye simu yangu, kila moja na alama yake ya kuonyesha kwamba haijasikilizwa. Dakika nne, dakika tano, moja ilifika sita. Mezani kwangu kulikuwa na foleni, masikio yangu yamejaa watu, nikasema nitazisikiliza Jumapili. Jumapili ikapita. Halafu simu yangu ikaanza kulalamika kwamba nafasi imejaa, haipokei tena hata picha. Mimi fundi, ninayewashauri wengine waangalie wanachofuta, nilikubali kufuta vyote kwa pamoja. Video za watu wanaoteleza kwenye tope zilikwenda, na sauti zako saba zikaenda nazo. Nikajiambia si neno, nitamuuliza Mama nikifika.

Sikufika kwa wakati, Mama. Ile homa ilikumaliza kwa siku tatu na mimi bado natafuta gari. Najionea haya kuliandika hili, lakini ndivyo lilivyo.

Siku ya kuondoa matanga, mjomba Etabo aligawa vitu vyako mbele ya watu kama kawaida yetu. Vitenge vilikwenda kwa dada zako. Sufuria kubwa ilikwenda kwa Mama Zaina, na hakuna aliyebisha. Simu akaniwekea mimi mkononi, akasema, "Iyi ni kazi yako." Niliipokea kwa mikono miwili. Nilichofuta mimi bado kilikuwa kwako. Simu ya anayetuma hubaki na sauti aliyotuma. Maneno yako saba yalikuwa mle ndani.

Nikaandika namba ya siri niliyokuwekea mwenyewe, mwaka wangu wa kuzaliwa. Ikakataa. Nikarudia polepole. Ikakataa. Mara ya tatu ikaniambia ningoje. Nikainua macho, nikaona wale wanawake wote wananitazama, na hakuna hata mmoja aliyeshangaa.

Nikamfuata Mama Zaina jikoni. Nikamuuliza kama anaijua namba.

"Tunaijua," akasema. "Sisi bote."

"Basi nipe, mama."

"Apana, mutoto wangu. Hatukupe."

Nikamuuliza ni nani aliyeibadilisha. Akaendelea kusugua ile sufuria yako, akajibu. "Mama yako. Siku ile ulirudia Uvira, kisha kula sombe. Alisema, Wilondja ni mutoto muzuri, lakini jicho yake haina mulango. Mi njo nilimusaidia kubadilisha."

Nimekorofishana na watu wengi maishani, Mama, lakini hakuna aliyewahi kuniambia neno lililoniuma hivyo, na lilikuwa lako. Nilikasirika. Nilisema maneno mabaya kidogo juu ya wanawake wanaoficha mali ya marehemu. Nikaitia simu mfukoni, nikaondoka nayo.

Uvira niliiweka kwenye droo ya meza ya kazi. Haikutulia. Kila siku ilitetemeka mle ndani. Watu wa mbali walikuwa hawajapata habari, wakaendelea kutuma: mtoto wa Mama Riziki, binti wa Kilembwe, na picha nyingine nisizozijua. Kioo kilinionyesha tu kwamba wametuma, hakikunionyesha wanasema nini. Nilikuwa naifungua droo, naangalia, naifunga. Nilijiuliza vitu visivyonihusu. Kwa nini yule anatuma asubuhi tu? Huyu mwingine alituma mara tano mfululizo, kuna nini?

Simu kama ile ina njia mbili za kufunguliwa bila namba. Ya kwanza inafungua kwa kufuta kila kitu, na hiyo ingeniua mimi na kumuua Mama Riziki pia, kwa sababu hana mahali pengine pa kuzisikia sauti za mwanawe. Ya pili inapitia kompyuta, inafungua bila kufuta, na kwa simu ya zamani kama yako ni kazi ya nusu saa. Siku moja sikuwa na wateja. Nikachukua waya, nikauchomeka, nikawasha kompyuta. Nikajisemea kwamba nitasikiliza zangu saba tu.

Kidole kilikuwa tayari. Na ndipo nilipojiuliza swali moja la kweli, kama wewe ulivyokuwa unaniuliza: Umejuaje? Umejuaje kwamba utaishia kwenye saba? Nilimwona yule mtu wangu wa ukutani anajifuta uso. Ninajijua, Mama. Ningeanza na zako, halafu ningejaribu kioo.

Nikauchomoa waya. Jumamosi nikafunga duka, nikapanda gari la Baraka. Nilipita Makobola simu yako ikiwa mapajani pangu, imefungwa kwenye kile kitambaa chake.

Walikuja wote, wale wanawake wako. Sijui Mama Zaina aliwaitaje upesi hivyo. Nilimpa simu, nikamwambia, mama, mimi sitaki namba. Kila mtu aingie asikilize ya kwake, anayetaka kufuta afute, anayetaka kubakiza abakize. Halafu nikatoka, nikaenda kwenye chanja za ndagala. Hazikuwa zako tena, lakini Mama Riziki aliniruhusu. Niligeuza samaki wale mpaka nikawarudisha walivyokuwa mwanzo. Nyuma yangu wanawake waliingia na kutoka chumbani kwako mmoja mmoja. Nilitamani kugeuka niwatazame nyuso. Niliendelea kugeuza. Ni kazi ngumu, Mama, hukuwahi kuniambia kwamba ni ngumu hivyo.

Mama Riziki alikaa ndani muda mrefu kuliko wote. Alipotoka alipita karibu yangu, akachukua ndagala mmoja aliyeanguka, akamrudisha kwenye chanja. Sikumuuliza kitu.

Mwishoni Mama Zaina aliniita. Alinipa kisogo, akaandika namba, akaniletea simu ikiwa imefunguliwa kwenye picha yangu mimi. Sauti saba, zimejipanga. Nilikaa kwenye kibao cha mlango nikidhani wataendelea kukaa nami. Lakini yeye akawaangalia wenzake, akafunga kitenge chake vizuri. "Twende, bamama," akasema. Wakatoka wote, hata mama mmoja mzee mwenye fimbo. Wakaenda mpaka kwenye chanja, na kutoka kule nikaona wanageuza ndagala ambao nilikuwa nimewageuza sasa hivi.

Nililia kabla hata sijafinya chochote.

Sita za kwanza ni wewe tu. Pumzi, jina langu mara tatu, kimya. Paa la jikoni. Kuku aliyelalia mayai ya mwenzake. Nimeitika kila mahali uliponingoja, kwa sauti, na kama wamenisikia kule chanjani hawajanitania. Yule mtu wa kioo hukumtaja, wala sombe. Ya saba ni fupi kuliko zote.

"Wilondja. Nakutumiaka sauti, hauifungue. Sina hasira, najua uko na kazi. Niko najiuliza tu. Sauti ya muntu kama haifunguliwe, inakaaka wapi?"

Nilichukua simu yangu nikakurekodia jibu palepale, la dakika nne, kama ulivyonizoesha. Nilikuomba msamaha, nikaanza, nikakosea, nikaanza tena. Sasa najua yule bwana alikuwa na sababu ya kurudia. Nimemtafuta, Mama, na nimemwambia nilichofanya. Hajanisamehe bado, na ana haki. Na nyinyi wateja wangu mnaosoma hapa, siku hizi mkileta kioo nakitengeneza mbele ya macho yenu, mkiwa mmeketi.

Simu yako sikuichukua. Nilimwachia Mama Zaina, kwa sababu watu wa mbali bado wanatuma na lazima mtu awafikishie wenyewe. Wanawake walikuwa wamerudi kutoka chanjani, nayo iko mapajani pake, nilipofinya kutuma sauti yangu. Ikatetemeka. Wote tukaitazama. Akaona picha yangu, akajua ni yangu, na namba anayo. Akaigeuza kifudifudi, akaiweka kando.

"Iyi ni ya Mama Wilondja," akasema, na akaendelea na hadithi yake ya kuku.

Mpaka leo haijafunguliwa, Mama. Kila nikirudi namuuliza Mama Zaina, ananionyesha alama yake ikiwa palepale. Sauti yangu inakaa kwa Mama Zaina.

Lala salama. Kuku nitawapelekea mahindi.

Mwanao wa jicho lisilo na mlango,
Wilondja