Ripoti ya Wifi Wangechi

Ruiru, 4 Machi 2025

Wifi Wangechi,

Salamu nyingi. Becky hajambo? Kifua chake kimetulia? Sisi huku Mwiki tuko wazima, ndugu yako Mugo na watoto wanakusalimia. Mimi mwili uko sawa. Roho ndiyo haiko.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu ungenikatiza na ile sauti yako ya pole, na leo sitaki kutulizwa. Mugo atakuletea akija kazini Thika.

Unakumbuka vile nilizirai Oktoba kiwandani, juu ya mashine, mbele ya wanawake wote wa laini ya nne. Ulinichukua kwako wiki mbili, ukanifundisha upya kulala, kula, kusema hapana. Ndiyo maana ofisi yetu ilipotafuta kocha wa kusaidia akina mama waliochoka, nilitaja jina lako bila kusita. Ijumaa sita umekuja kiwandani, tukakaa nawe chumba cha chakula baada ya shifti. Wengi waliogopa kufungua mdomo. Mimi, supavaisa wao, nikawaambia: "Semeni yote. Huyu ni wifi yangu."

Jana Idah wa laini yetu aliitwa ofisini. Meneja akamsomea kutoka kwa karatasi kwamba yeye husinzia kwa mashine, na kwamba huenda choo kulia. Kisha akamwambia kontrakti yake ikiisha mwezi huu haitaandikwa tena, aende apumzike, "kwa ajili ya afya yako." Nakhumicha akaitwa nyuma yake. Yeye alisomewa habari za dawa za usingizi anazomeza, na vile huingia kazini kichwa kikizunguka. Naye kontrakti yake haitaandikwa tena.

Hayo maneno waliyasema Ijumaa ya tatu. Nilikuwepo. Mlango ulikuwa umefungwa. Yalifikaje ofisini?

Nijibu.

Wifi yako,
Nekoye


Thika, 7 Machi 2025

Wifi yangu mpendwa,

Nashukuru kusikia nyumba iko salama. Becky amepona, amerudi shule Jumatatu. Mimi pia niko sawa, ila barua yako imenikosesha raha.

Kwanza, pumua. Najua hupendi nikisema hivyo, lakini pumua.

Ile karatasi ni ripoti yangu kwa ofisi, na ilikuwa sehemu ya kazi niliyopewa. Hakuna jina hata moja ndani yake, naapa. Niliandika "mama mmoja mwenye mapacha wachanga," niliandika "mama mmoja anayetumia dawa za usingizi." Nilitaka ofisi ione mzigo mnaobeba, wapunguze targeti, wanaonyonyesha wapewe mapumziko. Kama wameitumia vibaya, hilo ni lao. Usilibebe wewe, wala usinibebeshe mimi.

Mwambie Idah asihesabu kwamba amefukuzwa. Ahesabu kwamba amepata nafasi ya kupumzika na kujijua upya. Nikipata muda nitampigia.

Na wewe usiandike barua ukiwa na hasira. Kunywa maji, tembea kidogo, ndipo ushike kalamu.

Wifi yako anayekupenda,
Wangechi


Ruiru, 9 Machi 2025

Wangechi,

Tumeamka salama. Salamu imetosha.

Maji nimekunywa. Nimetembea kutoka Mwiki hadi Kiuu na kurudi. Hasira iko palepale.

Laini ya nne ina wanawake thelathini. Mwenye mapacha ni mmoja. Ungeandika tu jina lake uokoe wino.

Eti ajijue upya! Idah anajijua. Anajua ni mama wa watoto wawili wa miezi minane, na anajua hakuna mtu mwingine wa kuwalisha. Jana nilienda kwake Kiuu nikiwa na unga na maziwa. Hakunifungulia geti. Alisimama ndani, mtoto mmoja mgongoni, mwingine begani, akaniuliza, "Supa, ile siku ulisema huyo mama ni nani?"

Nikasema ni wifi yangu.

"Basi rudi kwa wifi yako."

Nikaacha vitu chini nikaenda. Na Nakhumicha, mtu tumekula naye meza moja miaka minne, Alhamisi aliniona nikikaa akainua sahani yake akahamia kwingine. Angenitukana ningeona afadhali.

Nataka jibu la kitu kimoja. Siku ya kwanza ulisema, kwa mdomo wako, "Ya hapa yanabaki hapa." Ulipokuwa ukisema hivyo, ulikuwa tayari unajua utaandika ripoti?

Wale wawili wanapeleka malalamiko kwa afisa wa leba, yule wa serikali wa mambo ya wafanyakazi, huko Thika. Ofisi yetu itasema ni kontrakti tu zimeisha, hakuna lingine. Wanahitaji mtu wa kueleza karatasi ile ilitoka wapi. Wewe uko hapo Thika. Enda ueleze.

Usinipigie. Sitashika.

Nekoye


Ruiru, 28 Machi 2025

Wangechi,

Wiki tatu karibu ziishe. Mugo anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukamwambia utajibu.

Badala ya jibu nimeona picha yangu kwa Facebook yako. Mimi, nikicheka macho yamefungwa, siku ya Ijumaa ya mwisho. Chini umeandika: "Kutoka kuzirai hadi kung'aa. Karibu nikufundishe na wewe." Idah leo amebeba aproni yake ndani ya mfuko wa plastiki akatoka getini, na mimi niko huko nang'aa!

Toa hiyo picha. Leo.

Nekoye


Thika, 2 Aprili 2025

Nekoye wifi yangu,

Huku tuko wazima wa mwili. Picha nimetoa. Pole kwa picha, sikupaswa kuiweka bila kukuuliza.

Uliniuliza swali nikanyamaza. Jibu ni ndiyo. Siku ya kwanza nilijua nitaandika ripoti. Nilidhani nitaandika kwa ujanja, niwasaidie nyinyi na kazi nisipoteze.

Na kuna lingine hujui. Baada ya Ijumaa ya sita meneja aliniita, akanipa chai. Akaweka kidole juu ya ile mistari ya mapacha, akaniuliza, "Huyu si Idah?" Nikakoroga chai yangu. Akauliza tena. Nikamwambia, "Wewe ndiye umesema." Akacheka. Na mimi nikacheka. Ngai, Mungu wangu, Nekoye, nilicheka! Nilikuwa nataka wanirudishe mwaka ujao. Unajua nilivyoacha kazi ya benki nikiwa nanyonyoka nywele, Becky akiwa mdogo, na nilivyozunguka miaka miwili nikiomba mtu aniamini na kazi hii. Si kisingizio. Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nisikie na mimi, kwa sababu hasira si yako peke yako.

Ijumaa ya nne, ulipokosa kuja, niliwauliza ni nini kinawaumiza zaidi pale kazini. Unajua walisema nini? Walisema ni daftari la supa. Kwamba unakaa nalo mfukoni, na mtu akienda choo unaandika ametoka saa ngapi na kurudi saa ngapi, na mwisho wa wiki linapelekwa ofisini. Idah alisema huwa analia haraka haraka ili asipitishe dakika tano. Hayo sikuyaweka kwenye ripoti. Nilikuficha, kwa sababu wewe ni mke wa ndugu yangu. Kwa hivyo usiniandikie kana kwamba mikono yako ni safi.

Wifi yako,
Wangechi


Ruiru, 6 Aprili 2025

Wangechi,

Tuko wazima. Barua yako niliirarua, halafu nikaokota vipande nikavisoma tena.

Ni kweli. Niliandika zile dakika. Niliambiwa ni tano, ikizidi niandike, na nikaandika miaka miwili. Ile siku ya Oktoba nilikuwa sijaenda choo wala kunywa maji tangu asubuhi, kwa sababu supavaisa pia huandikwa, na mimi ndiye ningejiandika. Hilo sikukuambia ulipokuwa ukinilisha uji kwako. Nilisema tu nimechoka.

Jana baada ya ibada ya Jumamosi ya akina mama nilirudi Kiuu. Geti halikufunguliwa. Nikamwambia Idah yote nikiwa nje, majirani wakisikia: daftari, ripoti, kicheko chako na meneja. Nilidhani atanitukana. Akasema, "Ya daftari tunajua. Sisi wote tulikuwa tunajua. Tulikuwa tunangoja uone haya."

Afisa wa leba ameita pande zote Jumanne tarehe kumi na tano, saa nne asubuhi. Mimi nitaenda. Nitasema yangu mbele ya meneja, wanifanye watakavyo. Yako sitakusemea.

Hasira yangu kwako haijapungua kwa sababu umenionyesha yangu. Jua hilo.

Nekoye


Ruiru, 17 Aprili 2025

Wifi Wangechi,

Becky hajambo? Watoto hapa wamefunga shule, nyumba haina amani. Mugo anakusalimia.

Sikudhani utakuja. Nilipokuona umekaa kwenye ile benchi, mkoba juu ya magoti, nilitaka kutoka nje. Halafu meneja akaanza kumwambia afisa kwamba wewe ulitoa ripoti ya jumla tu, hakuna mtu aliyetajwa, nawe ukasimama bila kuulizwa. Ulisema, "Aliniuliza kama ni Idah, na nikamjibu kwa namna ambayo alielewa. Niliwaahidi hawa wanawake siri na nikaiuza." Sauti yako haikuwa ile ya pole. Ni mara ya kwanza tangu Machi nimekusikia ukizungumza kama mtu.

Ulitoka haraka, kwa hivyo hukujua mwisho. Kampuni imekubali kumrudisha Idah kwa laini yake baada ya Pasaka. Nakhumicha naye aliambiwa arudi, akamjibu meneja usoni, "Hapo ndani mimi siingii tena," akachukua sweta yake. Mimi jana nimevuliwa usupavaisa. Nimerudishwa kwa mashine. Mtu mwingine amepewa daftari, na leo mchana aliniandika dakika saba. Nilimwambia aandike nane.

Wewe nasikia wamekufutia kazi, na kiwanda kingine kilichotaka kukuita kimeogopa. Siwezi kusema pole. Nikisema, itakuwa uongo.

Jumapili ya Pasaka Mugo atakuja kwako na watoto. Mimi sitakuja. Siko tayari kukaa meza moja nawe tukipitishiana chapati kama hakuna kitu.

Lakini nimetumwa, kwa hivyo nasema. Wanawake wa laini ya nne wameamua kuendelea kukutana Ijumaa, nyumbani kwa Nakhumicha, bila ofisi na bila kocha. Wamesema uitwe. Mimi nilikataa, nikashindwa, wao ni wengi. Usije na mafunzo, hakuna mtu anataka kupumulishwa. Utakaa kwa mkeka kama sisi, na Idah anasema siku hiyo wewe ndiye utaanza kusema, na wao watasikiliza.

Wifi yako,
Nekoye