Gaju alishika maziwa yake

Masisi, siku ya ine, magaribi

Haraka yangu, ng'ombe wangu Gaju anaijua. Leo nilitosha ndama kwa kiwele mbio, hajanyonya vizuri. Gaju akashika maziwa yake yote, hata tone haikutoka.

Papa Bahati, mwenye anabebaka maziwa yetu na pikipiki mpaka Sake, akaanza kupiga klakson. "Mama, barabara, wenye bunduki wanaweza kuifunga saa yoyote!"

Niliogopa, kweli. Lakini ng'ombe hawamusukumake. Nikarudisha ndama, nikakaa chini. Papa Bahati akanung'unika, akazima pikipiki. Tukasikia tu ndama ananyonya.

Maziwa ikashuka. Nikakamua, nikamupa Papa Bahati kikombe.

"Miaka yote naibeba," akasema pole pole, "sijaikunywaka ingali na joto."

Na mi mwenye kukamua, nilishaikunywaka na joto? Nikatafuta kikombe ingine.