Okestra Shuleni kwa Mama

Nairobi, 12 Januari 1998

Kwa Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na natumaini mvua hii isiyojua kukoma haijaingia nyumbani. Goti lako linaendeleaje na baridi?

Mama, najua miaka minne imepita tangu niache chuo cha ualimu, na wewe ukaniambia nisikuletee tena habari za fidla. Leo nazileta. Okestra yetu ni ndogo, watu kumi na wanne tu, na msimu huu tuna tamasha tano. Nne ni za watu wazima waliovaa vizuri hapa mjini. Moja nimeiomba mimi: iwe ya watoto, na iwe nje ya Nairobi. Nzau, anayetuongoza, aliuliza, "Wapi?" Nikajibu hata kabla ya kufikiri, "Kitengela, kwa shule ya mama yangu."

Watoto wako wengi hawajaona fidla ila kwa picha. Nataka waisikie ikiwa hatua tatu kutoka kwao, si kwa redio. Tunahitaji ukumbi, viti kumi na vinne na ruhusa yako, Ijumaa tarehe 6 Februari, saa nane mchana. Kazi ingine niachie. Naijua.

Binti yako,
Mbeke


Kitengela, 20 Januari 1998

Kwa Mbeke,

Salamu. Goti liko. Mvua imebeba choo cha walimu wanaume lakini madarasa yamesimama.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Watoto wangu hawajazoea kukaa kimya saa nzima, na darasa la nane liko na mtihani wa majaribio. Tena hapa kuna Wamaasai, Wakamba na Wasomali, na kila mzazi ana maoni yake juu ya muziki. Sitaki mtu aje kunifokea ofisini.

Hata hivyo kamati ya shule imekubali, kwa sababu mwenyekiti anapenda wageni. Ukumbi utapata. Viti vitatoka darasa la saba. Mzazi asiyetaka atasema, na mtoto wake atabaki darasani.

Mimi usiniwekee kiti. Siku hiyo niko na kazi ofisini.

Ni mimi,
Mama


Nairobi, 9 Februari 1998

Kwa Mama,

Habari ya tangu Ijumaa? Sisi tulirudi salama, ingawa tulisukuma basi kwenye matope mara mbili, mimi nikiwa ndani ya gauni la tamasha.

Niliona taa ya ofisi yako ikiwaka. Sikuja kubisha. Basi wacha nikwambie ulichokosa.

Watoto mia mbili walikaa sakafuni. Tulianza kipande cha kwanza, na hatujafika katikati, mvua ikaangukia mabati. Mama, hata sisi wenyewe hatukusikiana. Nzau akashusha mikono. Watoto wakaanza kucheka. Wenzangu wawili wakarudisha fidla kwenye masanduku, mmoja akapiga kelele, "Twende nyumbani, hii imekwisha!"

Nikasema haijaisha. Nikabeba kiti changu mpaka katikati ya watoto. Fidla yangu ni ile kubwa, inayosimama sakafuni kati ya magoti. Nikawaambia wasogee, waweke viganja juu ya mbao, kisha nikavuta upinde juu ya uzi mnene kuliko zote. Msichana mmoja mdogo mwenye hijabu nyeupe aliruka nyuma, akarudi, akaweka sikio kabisa. Nzau alipoona hivyo akatugawa sote: wachezaji kumi na wanne, kila mmoja na kundi lake, nusu saa nzima, mvua ikipiga. Hakuna mtoto aliyeambiwa anyamaze.

Nimecheza tamasha nyingi. Hiyo ndiyo bora.

Binti yako,
Mbeke


Kitengela, 18 Aprili 1998

Mbeke mwanangu,

Hujambo? Mimi niko salama. Nimechelewa kukujibu na sina kisingizio.

Mwezi jana mzazi mmoja anayeitwa Dubow, anayeuza mbuzi na ng'ombe hapa sokoni, aliingia ofisini na binti yake Hibaq, wa darasa la tatu. Nikajua ni lalamiko. Majibu yangu yote niliyapanga kabla hajakaa. Akasema, "Mwalimu, huyu mtoto ananisumbua. Kila siku ananiambia kuna sauti ilipita kwa mkono wake ikaingia kifuani. Mimi nataka kujua ni kitu gani hicho."

Mimi, mwalimu mkuu, mama wa mwenye fidla, sikuwepo ukumbini. Saa ile mlipocheza nilikuwa nimejifungia, najaza rejista ambayo ilikuwa imejaa tayari. Nikamwambia Hibaq, "Tueleze." Akavuta kiti, akakaa kama wewe, akachukua rula yangu ikawa upinde, akanguruma kwa koo mpaka karani akachungulia mlangoni. Dubow alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi sikucheka. Niliona aibu, Mbeke. Mtoto wa miaka tisa ndiye ananieleza kazi ya binti yangu.

Miaka minne nimewaambia watu uko Nairobi unafanya kazi, bila kusema ni kazi gani. Niliogopa utalala njaa, na watu waseme nilikuangalia tu ukipotea. Fidla yenyewe haikunikosea kitu.

Tamasha ya mwisho ya msimu ni lini? Niko na watoto kumi na tisa ambao wazazi wao wamekubali. Dubow anasema lori lake litaoshwa.

Mama


Nairobi, 23 Aprili 1998

Mama yangu,

Salamu kwako na kwa Hibaq. Ni Jumamosi, 30 Mei, saa tisa alasiri. Mstari wa mbele wote ni wenu, nimeshawaambia wenzangu. Mwambie Dubow aweke pia nyasi kavu kwenye lori, barabara ni mbaya.

Nililia kidogo, halafu nikafanya mazoezi.

Mbeke wako


Kitengela, 2 Juni 1998

Mwanangu Mbeke,

Wewe hujambo? Umepumzika? Sisi tulifika vizuri. Watoto waliimba mpaka Athi River, kisha wakalala mmoja juu ya mwingine.

Kuna mama mmoja aliyekaa nyuma yetu ukumbini. Alinigusa bega akaniomba niwanyamazishe watoto. Nikamwambia, "Hawa husikiliza na mdomo pia. Na yule wa fidla kubwa ni wangu." Akaniacha.

Ulipocheza peke yako nilikuwa nimepanga kuwaangalia watoto, kama ninavyofanya kila safari. Nikasahau. Hibaq alinishika mkono, nadhani alifikiri mimi ni mgonjwa. Jina la ulichocheza silijui. Najua tu kwamba ulipomaliza nilikuwa nimesimama, na ukumbi mzima ulikuwa bado umekaa.

Sasa sikiliza. Hibaq anataka kujifunza. Nilimtuma kwa baba yake, Dubow akamrudisha kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu amesema ndiyo. Muziki uko kwenye ratiba, kila Ijumaa saa nane, baada ya chakula. Njoo na fidla yoyote unayoweza kubeba. Watoto kumi na tisa watakuwa wamenawa mikono, na wa ishirini ni mimi.

Mama yako