Simu za Rujewa Zinaita Ilula

Ilula, 6 Mei 2024

Mwanangu Dastan,

Kamwene. Kile kifua kimepona? Mimi ni mzima, ila baridi imeanza na nyanya zinachelewa kuiva. Usishangae kuletewa karatasi na kondakta wa basi. Nimejaribu kukupigia nikashindwa, maana kila nikishika simu nipige, yenyewe inaita.

Tangu Alhamisi watu nisiowajua wananiuliza bei ya mchele. Mmoja wa Makambako alitaka kujua kama mpunga wake umeshakobolewa. Nikamwambia mimi nauza nyanya barabarani Ilula. Akasema sawa, basi nimpe meneja. Jana katikati ya mahubiri akapiga mama mmoja analia, magunia yake yamechanganywa na ya mtu mwingine. Ningemkatiaje mtu analia? Nilitoka nje nikamsikiliza mpaka sadaka ikapita.

Wewe ndiye fundi wa simu katika ukoo huu. Nieleze nimepatwa na nini.

Mama yako

Mbeya, 9 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, nashukuru. Hata mimi nilikuwa nakupigia, naambiwa simu inatumika.

Mama, kosa ni langu. Wiki iliyopita nilifunga mtambo wa kuongoza simu kwenye kinu cha mpunga cha Bi Mwanahawa, kule Rujewa. Ni kisanduku kidogo cha ukutani. Mteja akipiga, sauti inamwambia abonyeze moja kununua mchele, mbili kukoboa, tatu usafiri, na simu inaita kwenye meza inayohusika. Isipopokelewa, mtambo unaihamishia kwenye namba ya akiba, ambayo ilitakiwa kuwa ya meneja. Wakati wa kujaribu niliweka yako, kwa sababu ndiyo pekee niliyo nayo kichwani. Nikasahau kuitoa. Na mashine za kinu zinavyonguruma, hakuna anayesikia simu ya mezani.

Mtambo ule haurekebishwi kwa mbali, lazima nikae mbele yake, na bosi wangu Idrisa ananipeleka Tukuyu kwa kazi nyingine. Akijua, sina kazi. Bado niko kwenye majaribio. Nakuomba usipokee namba usizozijua, na usimwambie mtu.

Mwanao, Dastan

Ilula, 14 Mei 2024

Mwanangu,

Kamwene. Huko Tukuyu mvua imeacha? Vaa sweta.

Nilijaribu kutopokea asubuhi moja. Ni kama kumwacha mtoto analia chumba cha pili. Nimeamua kupokea. Mteja mmoja alinipa namba ya Filemoni, mlinzi wa kinu, kwa hiyo mtu akiuliza mzigo wake, Filemoni anakwenda kuuangalia, kisha ananijulisha. Yule mama wa magunia ameshapata ya kwake. Mfanyabiashara wa Iringa alitaka mchele na mchele haukuwepo, nikamuuzia nyanya.

Jana alipiga mwanamke akaanza kunihoji kama mtumishi wake. Nikamwambia aanze na salamu. Akanisalimia vizuri, akaniuliza mambo mengi ya kinu, nikamjibu yote. Jina hakusema.

Mama yako

Rujewa, 17 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo.

Yule mwanamke ni Bi Mwanahawa mwenyewe. Alimwambia Idrisa ananitaka Rujewa, nikajua nimekwisha. Kufika, ananisifu mbele ya meneja. Malalamiko yamepungua, wateja wanajibiwa. Mama, alidhani wewe ni sehemu ya mtambo. Amesikia siku hizi mashine zinaongea kama watu, ila hii, alisema, ina hadi lafudhi ya Kihehe, na imemfundisha adabu. Anataka nyingine ya ghala lake la Mbeya.

Nilifikiria kukubali. Halafu nikajiuliza huko Mbeya nitakufungaje ukutani.

Nikamwambia, "Bi Mwanahawa, huyo ni mama yangu."

Nilimweleza yote. Meneja alicheka peke yake, akaacha. Bi Mwanahawa alikitazama kile kisanduku, akaniuliza unauzia wapi nyanya, kisha akaniambia nifanye nilichotakiwa kufanya tangu mwanzo. Nimeitoa namba yako nikaweka ya meneja. Kama bado nina kazi, sijui. Wewe sasa pumzika.

Mwanao, Dastan

Ilula, 24 Mei 2024

Mwanangu Dastan,

Kamwene. Unakula? Mimi ni mzima.

Simu imetulia. Siku ya kwanza nilifurahi. Siku iliyofuata nikaangalia kama ina chaji. Halafu nikamwomba jirani yangu Rozalia anipigie, tuone kama inaita. Inaita. Sikukuambia, lakini kabla ya mambo haya simu yangu ilikuwa inaita Jumapili ukipiga wewe, na siku nyingine ni watu wa mtandao wananitangazia vifurushi. Sikulaumu, najua una kazi.

Jana gari likasimama mbele ya meza yangu. Akashuka mama amevaa baibui, akanisalimia kabla ya kuuliza bei. Nikamjua kwa sauti. Alinunua nyanya, akakaa kwenye kigoda changu tukaongea mpaka zikauzwa zote. Meneja wake anapokea simu kama ameng'atwa na siafu, na wateja wanauliza yule mama wa Iringa amekwenda wapi. Anaomba nirudi, nipokee nikiwa hapa hapa mezani kwangu, kwa mshahara. Nimekubali, ila Jumapili meneja apokee mwenyewe.

Anasema wewe hujafukuzwa. Idrisa atakutuma Rujewa ukairudishe namba yangu, na safari hii uiweke kwa kujua.

Jambo lingine, mwanangu. Ukitaka kujua hali yangu, piga jioni. Mchana niko kazini.

Mama yako