Pikipiki Imesimama Wima Mno

Jumamosi, 4 Mei

Naandika nyuma ya daftari la vipimo. Mbele kuna viuno na mabega ya wateja, nyuma aibu zangu. Huku hafunui mtu.

Leo nimeitoa pikipiki stoo. Miezi saba tangu kiharusi kimpige mume wangu, haijaguswa. Vumbi, utando wa buibui, tairi ya nyuma imelala kabisa. Nimeikokota mpaka uani, jasho chapachapa. Ni ile ile — ndefu kama ngamia, iliyoundwa ipite lami na mashimo sawasawa. Aliipanda miaka ishirini na mbili, kwenda kutengeneza pampu za maji huko gari lisikofika. Na mimi nyuma yake, siku za harusi na misiba.

Alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Akaniona. Akauliza kwa ule ulimi wake mzito, unanitengenezea, Sindano? (Ananiita Sindano tangu uchumba, kwa ajili ya cherehani.)

Nikasema ndiyo.

Neno moja tu, na ni uongo. Naitengeneza niipande mimi.

Jumapili, 5 Mei

Ningekuwa na sababu ya maana ningemwambia. Sina! Wateja wanakuja wenyewe, soko liko karibu, sina ninakokimbilia. Nataka tu kukaa mbele. Nataka nione barabara, nimechoka kuona kola ya shati la mtu. Mwanamke wa miaka hamsini na moja, mume hawezi kujifunga kifungo, na mimi nina hamu ya pikipiki. Mtu mzima ovyo.

Zamani nilimwomba anifundishe. Alicheka mpaka akapaliwa. Miguu yako haifiki chini, mke wangu, kaa nyuma. Nikacheka na mimi. Nikakaa nyuma.

Jumatano, 8 Mei

Hospitali. Daktari wa mazoezi amemsifu mbele yake, kisha akaniita kando mlangoni. Mama, kutembea na fimbo atatembea, tushukuru. Ila ule mkono wa kulia na mguu wa kulia — pikipiki asahau.

Mafuta yanavutwa kwa mkono wa kulia. Breki, mkono wa kulia na mguu wa kulia. Kiki, mguu wa kulia. Hata bila daktari nilikuwa najua.

Njiani akauliza, daktari kasema nini? Nikasema, kasema ukazane. Akakazana! Tulipofika nyumbani akazunguka meza mara sita bila kuambiwa. Jana nilimbembeleza azunguke mara mbili, akanitukana.

Sasa nani atakayemwambia? Mimi? Nina uso gani?

Jumamosi, 11 Mei

Imewaka!

Tumeanza asubuhi. Wifi — dada yake, anaishi nasi tangu augue — amemtoa na kiti mpaka kibarazani, na mume wangu akawa anatoa amri. Fungua kabureta. Usilazimishe. Nati ya shaba hiyo, taratibu, utaikata kichwa. Kile kitundu kidogo kilikuwa kimeziba kwa uchafu wa petroli ya zamani. Nikakizibua kwa sindano ya cherehani. Akacheka. Sindano kwa sindano, akasema. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka jana.

Plagi mpya, oili mpya, nikapiga kiki. Mara tisa! Ya kumi ikakohoa moshi mweusi, ikaunguruma. Mlio ule ule. Akalia. Wifi akalia. Nami nikalia, lakini kilio changu kilikuwa na mengine ndani.

Wifi akanishika mikono, na grisi zote zile. Wifi yangu, akasema, wengine wangekwisha kuiuza. Wewe unamjengea kaka yangu matumaini.

Natamani ardhi ingepasuka.

Jumanne, 14 Mei

Fundi Grisi amekuja. Rafiki ya mume wangu, ana gereji yake barabara ya nyuma. Nikamwambia nataka ishuke, miguu ifike chini. Hakuuliza miguu ya nani. Ningenyamaza tu! Lakini mwongo hanyamazi — nikaongeza, si unajua rafiki yako mguu hauna nguvu. Akatikisa kichwa kwa huruma. Shemeji, wewe mke.

Mbele ilikuwa rahisi. Kulegeza bolti nne, kupandisha zile bomba mbili za shokapu, kukaza. Nyuma akaweka vyuma viwili alivyovichonga mwenyewe, virefu kidogo kuliko vya zamani, shokapu ikainama. Kazi yote tumeifanya nyuma ya stoo, dirisha lisikoona. Nilimwambia Grisi, na wifi pia, ni kumshangaza mgonjwa.

Kila uongo unazaa pacha.

Ijumaa, 17 Mei

Kiti. Hapa sihitaji fundi, fundi ni mimi. Nimekivua ngozi, nimeichonga sponji kwa kisu cha mkate, nikaisugua kwa msasa mpaka ikawa laini. Nimechonga mbele tu. Nyuma sikuigusa, ile sponji nene nimeikalia miaka ishirini na mbili na ina umbo langu. Ngozi nyeusi mpya, mshono mara mbili. Ni kazi safi kuliko zote nilizofanya mwaka huu. Gauni la mteja limelala mezani halina mikono.

Yeye amezunguka meza mara kumi na moja.

Jumamosi, 18 Mei

Wifi alikwenda sokoni, yeye alikuwa amelala. Nikapanda.

Miguu imefika! Nyayo zote mbili, kisigino mpaka kidole. Usukani ulikuwa mbali, nikalegeza bolti nikauvuta kwangu, nikakaza. Nikashika. Nikatazama ukuta wa stoo kama barabara ndefu. Halafu — naandika hili kwa kuwa hasomi mtu — nikatoa sauti kwa mdomo. Vruuum. Nikapinda kona. Nikabadilisha gia.

Aliyeniona ni kuku wa jirani tu. Hata yeye nilimwonea haya.

Nilipotoka pale niliona uso wangu kwenye kioo cha pembeni. Ulikuwa unacheka. Nikakigeuza kioo.

Jumapili, 19 Mei

Nimemla ng'ombe mzima, mkia umenishinda. Stendi!

Niliirudisha uani kutoka nyuma ya stoo, ilikokuwa imeegemezwa ukutani, nikaiegesha mahali pake, nikaingia ndani. Puu! Imeanguka upande wa pili, imevuta kamba ya nguo na mashuka yote. Kishikio cha breki kimepinda. Nikaiinua na wifi, nikaiegesha tena, nikawa nimeishika kwa kidole.

Sauti dirishani: Mbona imesimama wima?

Nikajifanya sijasikia.

Imesimama wima mno, akasema. Neno kwa neno, anavuta kila moja kwa shida. Pikipiki yangu huegama. Kama haiegami, imeshuka. Nani kaishusha?

Ningejua! Pikipiki ikishuka, stendi nayo lazima ikatwe, la sivyo inaisukuma upande wa pili. Fundi cherehani gani anayepunguza gauni akasahau mikono? Hata Grisi hakukumbuka. Mtu aliyekaa dirishani miezi saba ameona kwa jicho moja.

Hapo hapo wifi, Mungu amsamehe, akaniwahi. Kaka, ilikuwa tukushangaze! Mke wako kakupunguzia, miguu yako ifike chini.

Mume wangu ana futi sita. Miguu yake haijawahi kukosa chini.

Akanitazama. Akasema, kumbe.

Basi. Kumbe tu. Sijui ni kumbe ya namna gani.

Jumatano, 22 Mei

Alimwita Grisi mwenyewe, kwa simu ya wifi. Akamwambia akate stendi. Grisi akauliza kiasi gani. Mume wangu akaomba futi yangu ya kupimia nguo, akapimisha chini ya tanki, chini ya kiti, akafanya hesabu kichwani. Kata vidole viwili, akasema. Grisi akakata, akaunga. Imeegama vile vile kama zamani.

Na futi akanirudishia mkononi. Ameikunja vizuri.

Wifi amewatangazia majirani wote. Mwanamke wa jirani amenisimamisha dukani, ati wanawake kama mimi wamekwisha. Nikasema ahsante. Ahsante! Nimechukua sifa kama mtu anayeokota kitu cha mwenzake na kukitia mfukoni mwenye mali akiona.

Nilitaka kumwambia leo, nilipokuwa namfunga vifungo. Nikaanza, unajua ile pikipiki... Akasema, Jumamosi mnipandishe. Nikamaliza kifungo.

Jumamosi, 25 Mei

Naandika haraka. Wako uani.

Ametembea kwa fimbo kutoka kitandani mpaka kwenye pikipiki. Peke yake! Hatua ishirini na nane, wifi alihesabu kwa sauti. Grisi akashika usukani, mimi na wifi tukamwinua mguu mbovu, tukauvusha. Akakaa. Magoti yalikuwa juu kama mtu mzima kwenye kiti cha shule. Wifi akapiga makofi, umeona, kaka, miguu imefika!

Yeye hakutazama miguu. Akapapasa kiti kwa mkono wa kushoto. Mbele, pale nilipochonga. Kisha nyuma, pale ambapo sikugusa. Akarudi mbele tena. Kidole kikapita kwenye mshono wangu wote, taratibu, kama anavyokagua mteja mgumu.

Akauchukua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akauweka kwenye usukani. Ukateleza. Akauweka tena. Ukateleza.

Usukani huu umevutwa, akasema. Si wa mikono yangu.

Wifi akasema utauzoea, kaka, siku mbili tu. Grisi akainamisha uso. Grisi ameelewa, mimi nimemwona alivyoelewa. Nami nilikuwa nimesimama pale na aproni yangu. Nilisubiri anitukane. Wallahi nilitaka anitukane. Angenipigia kelele mbele ya mtaa mzima ningepumua.

Akabana kiganja cha kushoto kwenye tanki. Akajisukuma. Grisi akasema, tahadhari, unaanguka! Haanguki. Amejisogeza nyuma, kidogo, kidogo tena, anahema, mpaka akafika kwenye sponji nene. Mahali pangu. Akatulia hapo. Mbele yake kiti kitupu.

Akanitazama akasema, panda.

Sijui lilikuwa neno la namna gani. Si hasira. Si kicheko. Uso wake siku hizi upande mmoja hausemi kitu, na huo ndio ulioelekea kwangu.

Nikasema ngoja nilete ufunguo.

Nimekaa kwenye cherehani. Ufunguo ninao mkono wa kushoto, umeniachia alama kiganjani. Nasikia wifi anauliza kwa nini kaka amekaa nyuma. Nasikia Grisi anasema anamshikilia, asiwe na wasiwasi. Sasa anauliza shemeji amekwenda wapi, ufunguo gani huo usioonekana.

Na mume wangu anamjibu, sauti safi, ulimi haukukwama hata kidogo: Anakuja.